Tuipime Mashine kwa Maarifa ya Mtoto

Siku hizi wazazi huambiwa ya kwamba mtoto asiye na kompyuta ataachwa nyuma na wenzake. Mzazi aombwaye fedha kwa ajili hiyo ana haki ya kuuliza: faida yake hupimwaje? Twaona yafaa kumsaidia.

Kwanza, wingi wa mashine si kipimo. Nchi ya Peru iligawa shuleni kompyuta ndogo zaidi ya 800,000. Wataalamu walizichungua shule za vijijini 319. Nyingine zilipewa mashine, nyingine hazikupewa. Taarifa ya mwaka 2012 ilionyesha ya kwamba, baada ya miezi 15 hivi, pande zote mbili zilikuwa sawasawa katika hesabu na lugha. Wenye mashine walipata wepesi kidogo katika mafumbo ya akili, bali masomo yenyewe hayakusogea.

Pili, tuwalinganishe walio sawa. Mtoto atumiaye mashine mwaka mzima huongezeka maarifa. Lakini hata asiye nayo huongezeka, maana naye yumo shuleni. Huko Delhi, India, mwaka 2015, wanafunzi 619 walipigiwa kura. Waliobahatika walipata bure masomo ya kompyuta baada ya saa za shule, wengine hawakupata. Kura haina upendeleo: haiwachagui wana wa matajiri wala wenye bidii peke yao. Baada ya miezi minne na nusu, waliobahatika waliwapita wenzao katika hesabu na Kihindi.

Kwa nini huko ilifaa? Programu ile ilimpima kila mtoto, ikaanza naye pale alipokwama, hata kama ni nyuma ya darasa lake. Tena palikuwa na msaidizi aliyewafundisha kwa vikundi.

Basi, enyi wazazi, katika mkutano wa shule msiulize tu mashine ni ngapi. Ulizeni: Mtoto alijua nini kabla yake? Ajua nini sasa, akipewa karatasi na kalamu? Na mwenzake asiye nayo, je? Fedha hizo hizo zingenunua vitabu vingapi? Shule isiyoweza kujibu, haijapima bado; na isidai jasho la mzazi kabla ya kupima.

Hatuzipingi mashine. Twasema tu kwamba jembe jipya husifiwa baada ya mavuno.