Habari za India: Tuzisome kama mtahiniwa, si kama mpita njia

KILA mwaka nchini India vijana wanaokaribia milioni moja, na mara nyingine wanaozidi hapo, huomba kufanya mtihani mmoja tu. Mtihani huo huendeshwa na Tume ya Utumishi wa Umma ya Muungano, ijulikanayo kwa kifupi kama UPSC, na ndio mlango wa kuingilia katika utumishi wa juu wa serikali: utawala (IAS), polisi (IPS), mambo ya nje (IFS) na idara nyinginezo. Katika mtihani wa mwaka 2022 walioomba walikuwa zaidi ya 1,135,000. Waliokaa kwenye chumba cha mtihani walikuwa kama 573,000. Waliovuka mchujo ni 13,090, walioitwa kwenye usaili ni 2,529, na waliopendekezwa kupewa kazi ni 933 basi.

Ndugu msomaji, huenda ukauliza: mtihani wa Wahindi unatuhusu nini sisi wa huku? Unatuhusu kwa sababu habari za India, hasa zile zinazowagusa Waislamu wa nchi ile, hutufikia kila uchao. Tunazisoma, tunasikitika, tunaghadhibika, kisha tunageuza ukurasa. Mtahiniwa wa UPSC husoma habari zile zile kwa namna nyingine kabisa. Namna hiyo ndiyo tutakayojifunza katika makala hii, na mwisho wake tutaona kwamba jambo hili si la vitabu tu.

Mtihani wenyewe ukoje?

Mtihani una hatua tatu. Ya kwanza ni mchujo, wenye karatasi mbili za maswali ya kuchagua jibu, kila moja alama 200. Karatasi ya kwanza ina maswali 100 kwa saa mbili, na anayekosea swali hukatwa theluthi ya alama za swali hilo. Kwa hiyo kubahatisha kuna gharama. Karatasi ya pili hupima ufahamu na hesabu, nayo mtahiniwa anatakiwa apate asilimia 33 tu.

Hatua ya pili ni mtihani mkuu, wenye karatasi tisa za kuandika. Mbili ni za lugha, za kufaulu tu. Saba zilizobaki zina alama 250 kila moja: insha, maarifa ya jumla karatasi nne, na somo la kuchagua karatasi mbili. Hatua ya tatu ni usaili wenye alama 275. Jumla ya alama zinazohesabiwa ni 2,025.

Katika orodha hiyo hakuna karatasi iitwayo "matukio ya sasa". Matukio yamesambazwa ndani ya zile karatasi nne za maarifa ya jumla. Ya kwanza ni historia, jiografia na jamii. Ya pili ni katiba, utawala na uhusiano wa kimataifa. Ya tatu ni uchumi, mazingira na usalama. Ya nne ni maadili ya mtumishi wa umma. Habari moja ya gazetini inaweza kuingia katika karatasi zote nne.

Hapo ndipo wengi wanapokwama. Mitaa ya Delhi kama Old Rajinder Nagar na Mukherjee Nagar imejaa vituo vya masomo na vitini vya matukio ya mwezi. Kijana hukariri nani kateuliwa, nani kashinda, mkutano umefanyika wapi. Lakini mtihani mkuu hauishii kwenye "nani" na "lini". Unauliza "kwa nini", unauliza "je, ni haki", na unauliza "ungekuwa wewe ungefanya nini".

Mfano: Sheria ya wakfu ya 2025

Hebu tuchukue habari moja ambayo wengi wetu tuliisikia. Aprili 2025 Bunge la India lilipitisha mabadiliko ya Sheria ya Wakfu ya mwaka 1995. Katika Lok Sabha, yaani baraza la chini, kura za ndiyo zilikuwa 288 na za hapana 232. Katika Rajya Sabha, yaani baraza la juu, zilikuwa 128 kwa 95. Rais akatia saini tarehe 5 Aprili. Mpita njia huishia hapo, akasema, "Waislamu wa India wameonewa", au, akiwa wa upande wa pili, "serikali imesafisha ufisadi". Mtahiniwa ndio kwanza anaanza.

Kwanza hujiuliza: sheria inasema nini hasa? Inataka wawepo wajumbe wasio Waislamu katika Baraza Kuu la Wakfu na katika bodi za majimbo. Inataka mwenye kuweka wakfu awe ameonyesha kuwa ameishi katika Uislamu kwa muda usiopungua miaka mitano. Na pale serikali inapodai kwamba kiwanja fulani ni chake na wala si wakfu, ofisa wa serikali aliye juu ya cheo cha mkuu wa wilaya ndiye anayechunguza.

Pili: katiba inasema nini? Mtahiniwa hufungua Ibara ya 25 juu ya uhuru wa kuabudu, na Ibara ya 26 juu ya haki ya kila madhehebu kusimamia mambo yake ya dini na kumiliki mali. Hufungua Ibara ya 14 juu ya usawa mbele ya sheria. Kisha huangalia orodha ya mambo ambayo serikali kuu na majimbo yote yana mamlaka ya kuyatungia sheria, akakuta wakfu na sadaka za dini zimo humo.

Tatu: historia ni ipi? Mwaka 1894 Baraza la Rufaa la London, lililokuwa mahakama ya mwisho ya makoloni ya Kiingereza, liliamua kwamba wakfu aliouweka mtu kwa ajili ya kizazi chake, huku maskini wakiachiwa fungu la mbali mno, ni batili. Waislamu wa India walipinga, na mwaka 1913 ikapitishwa sheria ya kuuhalalisha tena wakfu wa familia. Aliyeusukuma muswada huo ni Muhammad Ali Jinnah, aliyekuja kuwa mwasisi wa Pakistan. Uamuzi ule wa 1894 ulitufikia hata sisi, kwani mwanzoni mwa miaka ya 1950 Baraza lile lile liliutumia katika kesi ya wakfu iliyotoka Afrika Mashariki.

Nne: kila upande una hoja gani? Serikali ilisema kwamba chini ya bodi za wakfu kuna mali zaidi ya 870,000 zenye ardhi ya ekari zipatazo 940,000, kwamba kumbukumbu zake ni mbovu, na kwamba nyingi zimevamiwa au hazileti kipato kwa maskini waliokusudiwa. Wapinzani wakajibu kwamba ubovu wa usimamizi hauondoi haki ya umma wa Kiislamu kusimamia mali yake. Wakauliza pia, iweje serikali iwe mdai wa kiwanja na ofisa wake awe mwamuzi?

Tano: mahakama ilisemaje? Tarehe 15 Septemba 2025 Mahakama ya Juu ilitoa amri ya muda. Ilikataa kuisimamisha sheria yote. Lakini ilisimamisha sharti la miaka mitano hadi kanuni zitakapotungwa, na ikazuia uchunguzi wa ofisa kubadili hadhi ya mali kabla ya uamuzi wa chombo cha kutoa haki. Ikaelekeza pia kwamba wajumbe wasio Waislamu wasizidi wanne kati ya 22 katika Baraza Kuu, wala watatu kati ya 11 katika bodi ya jimbo.

Aliyepita hatua hizo tano anaweza kuandika ukurasa mzima bila kukariri kitini. Na ukimuuliza kama sheria ile ni ya haki, atakuwa na jibu lenye mguu wa kusimamia, awe anaikubali au anaipinga.

Mwenye faili ni nani?

Sasa turudi kwa yule ofisa aliye juu ya cheo cha mkuu wa wilaya. Anatoka wapi? Kwa kawaida wenye vyeo hivyo ni watu wa IAS, yaani watu waliopita katika mtihani huu huu. Kijana anayesoma leo habari ya wakfu ili apate alama, kesho huenda faili la wakfu likawekwa juu ya meza yake. Ndiyo maana swali la nani anaufanya mtihani huu lina uzito kuliko linavyoonekana.

Machi 2005 Waziri Mkuu Manmohan Singh aliunda kamati chini ya Jaji Rajinder Sachar kuchunguza hali ya Waislamu wa India. Ripoti yake iliwasilishwa bungeni Novemba 2006. Ilikuta kwamba Waislamu, waliokuwa asilimia 13.4 ya wananchi kwa sensa ya 2001, walikuwa asilimia 3 tu ya IAS, asilimia 1.8 ya mambo ya nje na asilimia 4 ya polisi.

Wengi huishia kwenye takwimu hiyo na kusema, "Mnaona, wanafelishwa". Mtahiniwa hodari husoma ukurasa unaofuata. Kamati ilikuta kwamba waliokaa kwenye mtihani wa kuandika mwaka 2003 na 2004, Waislamu walikuwa asilimia 4.9 tu, lakini kiwango chao cha kufaulu kilikuwa karibu sawa na cha wengine. Maana yake ni nini? Kikwazo kikubwa hakikuwa kwa msahihishaji. Kilikuwa mbali nyuma ya mtihani: katika shule wanazoacha mapema, katika umaskini wa mitaa yao, na katika kukata tamaa kwa mzazi anayeona kwamba kazi ya serikali si ya watu kama yeye.

Jambo hili si geni katika historia ya nchi ile. Mtihani wa utumishi wa India ulipoanza mwaka 1855 ulikuwa ukifanyika London tu. Sheria haikumkataza Mhindi kuufanya, lakini ni wangapi waliokuwa na nauli? Mhindi wa kwanza kufaulu, Satyendranath Tagore, alipatikana mwaka 1863, na haukuanza kufanyika India hadi mwaka 1922.

Wapo walioielewa ripoti ya Sachar kwa namna hiyo wakafanya kazi. Chuo Kikuu cha Jamia Millia Islamia cha Delhi kina kituo cha bweni cha kuwaandaa watahiniwa kutoka jamii za wachache, matabaka yaliyodharauliwa na wanawake. Shruti Sharma, aliyeshika nafasi ya kwanza katika mtihani wa 2021, alijiandaa hapo, naye si Mwislamu. Zakat Foundation of India hutumia fedha za zaka na michango kuwalipia vijana masomo ya maandalizi. Shah Faesal wa Kashmir, ambaye baba yake aliuawa na watu wenye silaha mwaka 2002, aliongoza India nzima katika mtihani wa 2009.

Juhudi hizo hazikuwafurahisha wote. Mwaka 2020 kituo kimoja cha televisheni kilitangaza vipindi vinavyodai kwamba Waislamu "wanajipenyeza" katika utumishi wa umma. Tarehe 15 Septemba mwaka huo Mahakama ya Juu ilizuia vipindi vilivyobaki visirushwe. Na hapo mtahiniwa akapata swali jingine la Ibara ya 19: uhuru wa kusema huishia wapi?

Pamoja na hayo safari bado ni ndefu. Kwa hesabu zilizofanywa kwa kuangalia majina, katika wale 933 wa mwaka 2022 Waislamu walikuwa takriban 30, ilhali kwa sensa ya 2011 walikuwa asilimia 14.2 ya wananchi wote.

Basi ndugu msomaji, habari ya India ikitufikia tena, tusiishie kwenye kichwa chake. Tuulize sheria inasema nini, katiba inasema nini, jambo lilianzia wapi, kila upande una hoja gani, na mahakama iliamuaje. Kisha tuongeze swali la sita, ambalo halimo katika kitini chochote: aliyeshika faili ni nani, na aliyestahili kuwa pale lakini hakufika alikwamia wapi? Anayepiga kelele barabarani husikika siku moja. Aliyeshika faili huandika maneno yatakayofuatwa kwa miaka.