Asili ya Neno "School"

Hakuna mwanafunzi wa Kiingereza asiyelijua neno "school". Ni katika maneno ya kwanza afundishwayo. Lakini ukimwuliza asili yake, yamkini atanyamaza. Basi leo na tulifuate neno hili hata kwao, kama mtu afuataye mto mpaka kwenye chemchemi.

Waingereza walilipata kwa Kilatini, lugha ya Warumi, waliosema "schola". Warumi nao walilitwaa kwa Wayunani, waliosema "skhole". Na ajabu ni hii: kwa Wayunani maana yake ya kwanza haikuwa nyumba ya kusomea, bali nafasi, yaani wakati ambao mtu hana kazi ya kumlazimu. Wenye nafasi waliitumia kuzungumza na watu wa hekima, wakiulizana na kujibizana. Hivyo jina la nafasi likawa jina la mazungumzo yale, kisha likawa jina la mahali penyewe.

Neno hili lilifika kwetu pia, tena kwa njia mbili. Wajerumani, waliotawala Tanganyika kabla ya vita ya 1914–1918, husema "Schule"; ndiyo asili ya neno letu "shule". Unguja, walikotawala Waingereza, watu husema "skuli". Maneno hayo ni ndugu, babu yao ni mmoja.

Lakini jihadhari. Waingereza huita "school" pia kundi la samaki waogeleao pamoja. Usidhani kwamba samaki hao wana mwalimu! Neno hilo ni jingine. Lilitoka kwa Waholanzi, na maana yake ni kundi. Yamefanana kwa sura tu, kama paa wa mwituni na paa la nyumba.

Sasa turudi kwenye ile nafasi, maana haikupatikana bure. Katika mji wa Athens watu huru waliweza kuketi na kujadiliana kwa sababu watumwa waliwasagia nafaka, wakawachimbia fedha katika migodi ya Laurion. Watumwa hao hawakuulizwa kama waridhia, wala kazi yao haikuwapa wenyewe nafasi ya kusoma.

Nawe uketipo darasani, yuko aliyekuachia nafasi. Labda ni mama achotaye maji peke yake, au ndugu yako achungaye mbuzi siku ya zamu yako. Tofauti ni kwamba hao wamekupa kwa hiari na kwa upendo. Basi mwanafunzi aipotezaye saa ya masomo hapotezi mali yake. Apoteza jasho la mwenziwe.

Maswali
1. Neno "school" lilikuwa na maana gani kwanza kwa Wayunani?
2. Kwa nini twasema "shule" na "skuli" ni ndugu?
3. Taja maneno mawili ya Kiswahili yaliyofanana kwa sura, lakini maana zake ni mbali.
4. Ni nani aliyekuachia wewe nafasi ya kusoma leo?