Mtoto Mwenye Kisukari na Dawa Yake

Wanafunzi, kabla sijaanza somo hili imenipasa kuungama kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita palikuwa na mvulana katika darasa langu, hodari wa hesabu, umri wake miaka 12. Muhula mmoja alianza kuomba ruhusa ya kwenda msalani mara nne au tano katika asubuhi moja. Kila apatapo nafasi hukimbilia mtungi wa maji, akanywa kama mtu aliyetoka safari ya jangwani. Akakonda, akawa mtu wa kusinzia. Mimi nilidhani ni uvivu, nikamnyima ruhusa. Naye akajikojolea mbele ya wenzake, wakamcheka. Aliondoka akilia, wala kesho yake hakuja.

Kwao majirani walisema kwamba amerogwa. Lakini bibi yake aliona sisimizi wamekusanyika mahali alipokojoa mjukuu wake, akaingiwa na shaka, akampeleka hospitali. Huko alitobolewa kidole, tone la damu likapimwa, ikaonekana sukari imezidi mno. Mvulana yule alikuwa na kisukari. Lau angalichelewa siku chache zaidi, labda tungalimzika.

Basi kisukari ni nini? Vyakula kama ugali, wali na ndizi, vikiisha kusagwa tumboni, hugeuka sukari, nayo huingia katika damu ili ipelekwe mwilini mwote kuwa nguvu. Lakini sukari haiwezi kuingia vema katika chembe za mwili mpaka ifunguliwe mlango, na ufunguo wake ni insulini. Insulini hutengenezwa na kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo. Ndani ya kongosho mna mafungu madogo ya chembe, ambayo Mjerumani Paul Langerhans aliyaeleza mwaka 1869. Yametawanyika kama visiwa baharini. Na jina la insulini limetoka katika neno la Kilatini, insula, maana yake kisiwa.

Kwa watoto wengi wenye kisukari, askari wa mwili, ambao kazi yao ni kupigana na vijidudu vya magonjwa, hukosea wakaviharibu visiwa hivyo. Hapo sukari hujaa katika damu, kisha hutoka kwa mkojo pamoja na maji mengi. Ndiyo sababu ya kiu ile. Mwili wenyewe huona njaa katikati ya shibe, ukaanza kula mafuta yake, na tindikali yenye sumu ikazidi katika damu. Mtoto hutapika, huhema kwa nguvu, pumzi yake hunuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, mwisho huzimia. Angalieni sana: ugonjwa huu hauletwi na uchawi, hauambukizi, wala mtoto hakuupata kwa kupenda peremende.

Zamani hapakuwa na dawa. Madaktari waliwapunguzia watoto chakula mpaka wakawa mifupa mitupu, ili waongeze miezi tu ya kuishi. Hata mwaka 1921, katika mji wa Toronto, nchi ya Kanada, Frederick Banting na Charles Best walianza majaribio yao kwa mbwa, katika maabara ya Profesa J. J. R. Macleod. Tarehe 11 Januari 1922 alidungwa sindano ya kwanza kijana Leonard Thompson, mwenye miaka 14, aliyekuwa karibu kufa. Dawa ile haikumfaa, kwani haikuwa safi. James Collip akaisafisha kwa bidii, na tarehe 23 Januari kijana akadungwa tena. Sukari ikashuka, nguvu zikamrudia, akaishi hata mwaka 1935. Banting, Best na Collip waliuza haki yao ya dawa hiyo kwa Chuo Kikuu cha Toronto, kila mmoja kwa dola moja tu. Hata hivyo, baada ya miaka zaidi ya mia, wako bado watoto katika nchi maskini wasioipata dawa hiyo kila siku.

Sasa tujifunze namna ya kuitumia. Insulini haimezwi, kwa sababu tumbo lingeisaga kama lisagavyo nyama. Hutiwa chini ya ngozi. Tena ziko insulini za namna mbalimbali: nyingine hufanya kazi upesi na kuisha upesi, nyingine hufanya kazi polepole kwa muda mrefu. Kwa hiyo njia za matibabu ni tatu hasa. Ya kwanza ni kudungwa mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, dawa ya upesi ikichanganywa na ya polepole. Sindano ni chache, lakini mtoto hana budi kula kwa saa zilizopangwa. Ya pili ni kudungwa dawa ya polepole mara moja au mbili kwa siku, na ya upesi kila wakati wa chakula. Sindano ni nyingi, lakini mtoto hupata uhuru zaidi katika chakula chake na michezo yake. Ya tatu ni chombo kidogo kivaliwacho mwilini usiku na mchana, kinachotia dawa kidogo kidogo kwa mrija mwembamba. Chombo hiki husaidia sana, ila bei yake ni kubwa.

Mwaka 1993 madaktari wa Marekani na Kanada walitangaza matokeo ya uchunguzi wa watu 1,441 wenye kisukari cha namna hii. Waliodungwa mara tatu au zaidi kwa siku, au kuvaa chombo, huku wakipima damu yao mara kwa mara, macho yao, mafigo yao na mishipa yao ya fahamu ilisalimika zaidi kuliko ya wale waliodungwa mara moja au mbili. Lakini sukari yao ilishuka mno mara nyingi zaidi. Kumbe kila njia ina faida na taabu yake. Iliyo bora kwa mtoto ni ile aliyochaguliwa na daktari pamoja na wazazi wake, ambayo yeye aweza kuishika kila siku bila kukatiza. Na njia yo yote isiyo na kupima damu ni kama jahazi lisilo na dira.

Dawa yenyewe nayo yataka kutunzwa. Jua kali huiharibu, na ikiganda kwa baridi haifai tena. Mahali pasipo na jokofu, watu hutia chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, wakajaza mchanga wenye maji katikati yake. Maji yakikauka polepole, chungu cha ndani hupoa. Dawa huwekwa humo, imefungwa isilowe.

Iko hatari moja ambayo ninyi wanafunzi mwaweza kuizuia. Mtoto akidungwa dawa asile vya kutosha, au akicheza mno, sukari yake hushuka. Hutetemeka, hutoka jasho, huona njaa, huwa mkali pasipo sababu, au husema maneno yasiyoeleweka. Msimcheke, wala msimwache peke yake. Mpeni mara moja vijiko vitatu au vinne vidogo vya sukari ndani ya maji. Baada ya dakika 15, kama hajapata nafuu, mpeni tena. Akiisha kupata nafuu, ale chakula. Lakini akiwa amezimia, msimtie kitu cho chote kinywani. Mlazeni kwa ubavu, mkamwite mtu mzima upesi, apelekwe hospitali.

Tena afya si ya damu peke yake. Fikirini mtoto anayedungwa mara nne kila siku, sikukuu na siku za kazi, tena akijua ya kuwa dawa haiponyi, ila humweka hai. Siku nyingine huchoka, huona uchungu, hutamani awe kama wenzake. Akichekwa, huficha dawa yake, akiificha, huiruka, akiiruka, hurudi hatarini. Kwa hiyo dhihaka ya mwenzake yaweza kumdhuru kama ugonjwa wenyewe. Naye akipata rafiki wa kumngoja adungwe, kisha wakaenda pamoja uwanjani, mzigo wake huwa mwepesi. Wazee walisema kweli: mkono mmoja haulei mwana.

Mvulana yule alirudi shuleni baada ya majuma matatu. Nilisimama mbele ya darasa lote, nikamwomba radhi. Kisha nikamwomba atufundishe habari za ugonjwa wake. Akatoa sindano yake, akatuonyesha jinsi apimavyo dawa, wala hakuna aliyecheka. Tangu siku ile kopo dogo la sukari hukaa katika meza yangu. Na mwanafunzi akiomba ruhusa mara nyingi, humwuliza kwanza kama ana kiu.

Maswali
1. Dalili za kisukari alizokuwa nazo mvulana huyu ni zipi? Mwalimu alizidhania kuwa nini?
2. Kwa nini insulini haimezwi?
3. Elezeni njia tatu za kutumia insulini, na faida au taabu ya kila moja.
4. Mwenzenu mwenye kisukari akitetemeka na kutoka jasho, mtafanya nini? Na akizimia je?
5. Kwa nini dhihaka yaweza kumdhuru mtoto mwenye kisukari?