Kompyuta ya Nyumbani Ikigoma Kuunganika

Remote Desktop ikikuambia haiwezi kuifikia kompyuta yako ya nyumbani, usikimbilie kubadilisha nenosiri. Ujumbe huo kwa kawaida hutokea hata kabla nenosiri halijaulizwa, yaani njia imekatika mahali.

Mimi huanza na simu kwa mpwa wangu, maana mchana ndiye anayekuwepo nyumbani.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hebu niangalizie kompyuta, imewaka?"

"Kioo cheusi, ila kuna kitaa kinawaka na kuzima polepole."

Basi imelala, na ikilala haipokei mtu. Mwambie abonyeze kitufe chochote, kisha ukifika uizuie isilale yenyewe. Kama kwenu umeme hukatika ovyo, ingia pia kwenye BIOS uiamuru iwake umeme ukirudi.

Ikiwa imeamka na bado inagoma, ijaribu kwa laptopu iliyo kwenye Wi-Fi hiyohiyo ya nyumbani. Fungua PowerShell uandike Test-NetConnection, anwani ya kompyuta, kisha -Port 3389. Mstari wa mwisho ukisema True, humo ndani kuko sawa. Ukisema False, angalia kama Remote Desktop imewashwa na faiwoli inairuhusu. Angalia na toleo: Windows Home haipokei muunganisho huu hata uibembeleze vipi, lazima iwe Pro au zaidi.

Ndani ikikubali na nje ikakataa, fungua ukurasa wa ruta usome anwani ya WAN. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, au namba yake ya kwanza ni 10, mtoa huduma amekuweka nyuma ya CGNAT, mnagawana anwani moja ya umma na wateja wengine. Ruta za laini ya simu ndivyo zilivyo mara nyingi. Kufungua poti hapo ni kujichosha bure.

Hata ukiwa na anwani yako mwenyewe, poti 3389 usiifungue. Udhaifu wa Remote Desktop ulioitwa BlueKeep, wa mwaka 2019, uliilazimu Microsoft kutoa kiraka hadi cha Windows XP iliyokwishastaafishwa! Badala yake, weka programu ya Tailscale pande zote mbili, halafu kwenye Remote Desktop andika anwani itakayokupa. CGNAT haiizuii, kwa sababu kompyuta ya nyumbani ndiyo inayotoka nje kuanzisha mawasiliano.

Ukishafika kwenye kuulizwa nenosiri, PIN haikubaliki. Andika nenosiri lenyewe la akaunti ya Microsoft. Likikataliwa ilhali ni sahihi, huenda kompyuta hiyo haijawahi kufunguliwa kwa nenosiri hilo; ukirudi nyumbani, ingia nalo mara moja ukiwa mbele yake.