Somo: Haki bila adhabu ya kifo

Mtu aliyeuliwa watoto wake ana haki ya kudai muuaji aadhibiwe. Lakini je, ni lazima muuaji naye auawe?

Tuwaangalie jirani zetu. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, Rwanda iliwapiga risasi hadharani watu 22 waliohukumiwa, mwezi wa Aprili 1998. Mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokaa Arusha haikuwa na adhabu ya kifo. Adhabu yake kubwa ilikuwa kifungo cha maisha. Haikuweza kuikabidhi Rwanda washitakiwa ambao wangeweza kuuawa. Hiyo ilikuwa sababu moja iliyoifanya Rwanda kufuta adhabu hiyo mwaka 2007. Burundi ilifuata mwaka 2009.

Desemba 2007, kwa kura 104 dhidi ya 54, Umoja wa Mataifa uliziomba nchi zisimamishe kuwaua waliohukumiwa.

Kwetu Kongo, hukumu hizo hazikutekelezwa tangu 2003. Machi 2024 serikali ilitangaza kuondoa zuio hilo.

Tunajifunza nini?
- Mahakama huweza kukosea, na aliyeuawa hafufuki.
- Aliye gerezani anaweza bado kusema nani alimtuma, na wapendwa wetu wamezikwa wapi.
- Kukataa kuua si kusamehe kosa. Mkosaji anabaki na adhabu yake.

Maswali ya kuzungumza pamoja:
1. Familia yako ingehitaji nini ili iseme, «Tumepata haki»?
2. Sisi viongozi wa kambi, tufanye nini ili vijana wasilipize kisasi?