Narmad na kalamu yake: mtu aliyekifundisha Kigujarati kubishana

Nilikutana na jina la Narmad katika somo la utungaji wa kamusi. Mwalimu alikuwa akizungumzia kamusi za lugha moja, yaani zile zinazoeleza neno kwa lugha ileile, akaandika ubaoni majina machache na miaka yake. Mojawapo lilikuwa Narmakosh, 1873. Mwalimu alisonga mbele, mimi nikabaki palepale. Kamusi nyingi za kwanza za lugha za kwetu ziliandikwa na wamisionari, nazo zilifasiri neno la Kiafrika kwa Kifaransa, kwa sababu msomaji aliyekusudiwa alikuwa mgeni. Hii ilieleza Kigujarati kwa Kigujarati, na nyuma yake hapakuwa na misheni wala akademia. Alikuwapo mtu mmoja, tena mwenye madeni.

Jina lake kamili ni Narmadashankar Lalshankar Dave. Alizaliwa tarehe 24 Agosti 1833 katika mji wa Surat, magharibi mwa India, katika ukoo wa Wabrahmini wa kundi la Nagar. Baba yake aliishi kwa kazi ya kunakili maandishi huko Bombay, kwa hiyo kalamu ilikuwa imekwisha kuingia nyumbani kabla yake, ila kama chombo cha mshahara tu. Kijana alisoma Elphinstone, Bombay, akakatiza masomo mama yake alipofariki mwaka wa 1850, akarudi Surat, akafundisha shule, kisha akarudi tena Bombay. Hayo tuyapite haraka. Kinachotuhusu ni hali ya lugha aliyoikuta.

Fasihi ya Kigujarati ilikuwa na karne nyingi, lakini karibu yote ilikuwa ya mashairi. Narasinh Mehta katika karne ya 15, Premanand katika karne ya 17, na Dayaram, aliyefariki Narmad akiwa kijana, wote walikuwa washairi, na kazi zao ziliimbwa au kusimuliwa mbele za watu. Nathari ilikuwapo, lakini kwa kazi nyingine: barua za wafanyabiashara, daftari za hesabu, maelezo ya vitabu vya dini. Hata hati zenyewe ziligawana kazi. Maandishi ya heshima yaliandikwa kwa hati ya Devanagari, yenye mstari juu ya herufi. Ile hati isiyo na mstari, ambayo leo ndiyo tunayoiita hati ya Kigujarati, ilikuwa ya barua na ya duka. Ilipanda cheo kwa sababu ya mashine ya kupiga chapa. Gazeti la Mumbai Samachar, lililoanzishwa mwaka wa 1822 na Mparsi mmoja, Fardunji Marzban, lilichapwa kwa Kigujarati, na polepole hati ya duka ikawa hati ya vitabu.

Sasa, lugha yenye mashairi mazuri na daftari safi za hesabu bado inaweza kukosa kitu kimoja: sentensi ya kubishana. Namaanisha sentensi inayosema "wewe unadai hivi, mimi nakataa kwa sababu hii na hii, na ukinijibu vile nitakuuliza swali hili." Shairi halifanyi kazi hiyo vizuri, na barua ya mfanyabiashara haiihitaji. Mwaka wa 1851, akiwa hajafika miaka ishirini, Narmad alisoma mbele ya vijana wenzake wa Bombay hotuba juu ya faida za watu kuunda chama. Jina lake ni Mandali Malvathi Thata Labh, nayo huhesabiwa kama insha ya kwanza ya Kigujarati cha kisasa. Ukitazama mada utadhani ni jambo dogo. Lakini angalia umbo lake: ni maneno yaliyotungwa ili yasemwe mbele ya watu walioketi, wanaoweza kupinga. Insha ya Kigujarati ilizaliwa kinywani ndipo ikaenda kwenye karatasi, na wahakiki wake wanasema sauti hiyo ya kinywani haikumtoka Narmad tena. Aliandika kwa nguvu na kwa ukali, bila kuona haya kutia lahaja ya Surat mahali ambapo wengine wangetafuta neno zito la Kisanskriti.

Tarehe 23 Novemba 1858 aliacha kazi ya ualimu na kuapa kwamba ataishi kwa kalamu peke yake. Yeye mwenyewe anasimulia kwamba alifika nyumbani, akaitazama kalamu machozi yakiwa machoni, akajikabidhi kwake kama mtoto anayewekwa mapajani mwa mama. Nilipofika hapo nilisimama, kwa sababu neno alilolitumia ni kalam. Ni neno letu lenyewe. Wao walilipokea kwa njia ya Kiajemi, sisi kwa njia ya pwani, na sote tulilitoa kwa Waarabu. Vivyo hivyo kitabu cha maisha yake kinaitwa Mari Hakikat: mari ni "yangu", na hakikat ni hakika yetu, ila yao imebaki na t ya mwisho kwa kuwa ilipitia Uajemi. Jozi ya namna hiyo ni dolat yao, yenye maana ya mali, na dola yetu, yenye maana ya serikali. Bila kusahau maneno yaliyovuka bahari moja kwa moja kutoka pande hizo za India pamoja na wafanyabiashara, kama vile laki, bima na gari. Mwanafunzi wa Kiswahili anayesoma habari za Narmad hayuko ugenini kabisa.

Kiapo kilizaa kazi nyingi mno. Alikuwa amekwisha kutoa Pingalpravesh, kitabu cha kufundisha arudhi. Akaandika juu ya tamathali za usemi, akaandika mashairi ya mapenzi, ya nchi na ya maumbile, akakusanya na kuchapisha kazi za washairi wa zamani. Shairi lake refu Hinduoni Padati linaeleza jinsi Wahindu walivyoanguka, na linatupa lawama juu ya desturi na ushirikina wao wenyewe. Kusema kweli, wahakiki wengi huona mashairi yake hayalingani. Dalpatram, mshindani wake mkubwa, alikuwa fundi zaidi wa ubeti. Mimi sina uwezo wa kuamua, kwa maana mashairi yao nayajua kwa tafsiri tu, na tafsiri ni shahidi dhaifu katika kesi ya ubeti.

Tarehe 1 Septemba 1864 alianzisha pamoja na rafiki zake gazeti la kila majuma mawili, Dandiyo, kwa kuiga mfano wa Spectator ya Uingereza. Dandiyo ni fimbo, na fimbo ilipiga: viongozi wa dini, matajiri, watu wa kabila lake mwenyewe. Bombay wakati huo ilikuwa imelewa fedha za pamba, kwa sababu vita vya Marekani vilikuwa vimefunga soko la pamba ya huko. Gazeti lilidumu miaka mitano tu.

Jambo lililomchoma zaidi lilikuwa hali ya wajane. Katika makundi ya juu ya Wahindu msichana aliozwa mtoto, na mume akifa, huyo msichana alibaki mjane maisha yake yote. Sheria ya mwaka wa 1856 iliruhusu wajane kuolewa tena, lakini sheria ni karatasi, na anayefukuza mtu katika kabila si hakimu. Mwaka wa 1860 Narmad alisimama hadharani Bombay kujadiliana juu ya ndoa ya wajane na Jadunathji Maharaj, kiongozi wa dini aliyeogopwa sana. Kutoka vita hivyo ilikuja kesi maarufu ya mwaka wa 1862, ambapo Jadunathji alimshitaki mwandishi wa gazeti Karsandas Mulji, rafiki wa Narmad, kwa kumchafulia jina, naye akashindwa. Baadaye Narmad alimwoa mjane, Narmadagauri. Wasifu wake mwingi hukitaja kitendo hicho kama ushujaa, na ushujaa ulikuwapo, kwa kuwa kabila lilimtenga. Lakini mkewe Dahigauri alikuwa hai na alikuwa nyumbani humo. Mwanamke huyo hakuulizwa na historia kama mageuzi ya mumewe yalimpa nafuu. Mimi nashindwa kuipita sentensi hiyo bila kusita.

Nirudi kwenye Narmakosh, maana ndiyo iliyonileta. Aliianza karibu mwaka wa 1861. Vipande vya kwanza vilitoka mapema, kitabu kizima kikatoka 1873. Mtu anayefanya kamusi ya lugha moja hukutana na taabu ambayo kamusi ya lugha mbili inaikwepa. Ukifasiri kwa lugha nyingine, unaweka neno mbele ya neno na kupumzika. Ukieleza ndani ya lugha ileile, lazima upime kila neno kwa majirani wake: hili ni pana kuliko lile, hili ni la mjini, hili ni la kitabuni. Tena lazima uamue tahajia, na tahajia ya Kigujarati ilikuwa bado kila mtu na yake. Kuna katika Kigujarati sauti hafifu ya h, pumzi tu inayopita juu ya irabu, ambayo wasemaji wanaisikia lakini waandishi hawakubaliani namna ya kuiandika. Narmad aliitafutia alama. Alama yake haikushika; Kigujarati cha leo kinaiacha pumzi ile ikijificha. Wanafunzi wanaofanya kazi juu ya toni katika lugha zetu wanajua hali hiyo: kila msemaji anaitoa, daftari haiioni.

Pamoja na kamusi aliweka wimbo wa kuisifu Gujarati, Jai Jai Garavi Gujarat. Wimbo huo wa mwaka wa 1873 unaimbwa hadi leo na watu ambao hawajawahi kuishika kamusi yenyewe mkononi.

Miaka ya mwisho inawasumbua wanaompenda. Alipokuwa akiandika Rajyarang, kitabu cha historia ya mataifa, mawazo yake yalianza kugeuka, na katika Dharmavichar cha mwaka wa 1885 mpinzani wa jana anatetea dini ya zamani na kuonya juu ya mageuzi ya kuiga. Wapo wanaomwita msaliti. Mimi naona jambo moja katika ugeuzi huo: hakurudi kwenye ukimya. Alijipinga mwenyewe kwa maandishi, kwa nathari ileile aliyoijenga, ili kila asomaye aweze kuweka Narmad wa 1860 karibu na Narmad wa 1885 na kuamua.

Kiapo chenyewe kilivunjika mwaka wa 1882, kwa sababu ya madeni. Alikubali kazi ya ukatibu katika mfuko wa wakfu wa Gokuldas Tejpal huko Bombay. Alikuwa amekishika miaka 24, ambayo ndiyo umri wangu mimi ninayeandika haya. Inasemwa kwamba huzuni ya kukivunja haikumwacha, na mwezi wa Februari 1886 alifariki, akiwa na miaka 52.

Mari Hakikat, ambayo ni tawasifu ya kwanza ya Kigujarati, alikuwa ameiandika mwaka wa 1866, lakini hakuiachilia kwa umma. Ilitoka mwaka wa 1933, miaka mia moja baada ya kuzaliwa kwake, wakati karibu wote aliowataja ndani walikuwa hawapo tena kujibu.