Slivu au Baipasi? Mazungumzo ya Nyumbani Kabla ya Kusaini Fomu

Wengi wanaofika kliniki kuulizia upasuaji wa kupunguza uzito huja wameshachagua. Mmoja shoga yake alikwenda India akafanyiwa slivu, amerudi amepungua, basi naye anataka slivu. Mjomba aliyeko Nairobi alifanyiwa baipasi na sukari ikashuka, basi nyumba nzima inasema baipasi. Tunaelewa kwa nini, maana mtu humwamini aliyemwona kwa macho yake. Lakini aina ya upasuaji haichaguliwi kwa kuangalia nani kapungua kilo nyingi. Inachaguliwa kwa kuangalia magonjwa uliyonayo leo, hali ya umio na mfuko wako wa chakula, na uwezo wa nyumba yako kukutunza miaka yote itakayofuata. Hayo mzungumze mkiwa nyumbani, wewe na watakaokuuguza, kabla kalamu haijashikwa.

Upasuaji huu ni wa nani

Hospitali hutumia uwiano wa uzito na urefu, yaani BMI. Chukua urefu wako kwa mita, uzidishe kwa wenyewe, kisha gawanya kilo zako kwa jibu hilo. Mama mwenye urefu wa mita 1.60 na kilo 90 ana BMI ya 35. Akizidi kidogo kilo 102, amefika 40. Kwa miaka mingi, kufuatia mwongozo wa Marekani wa 1991, upasuaji ulipendekezwa kuanzia BMI 40, au 35 kwa mwenye ugonjwa mkubwa unaochochewa na uzito, kama kisukari. Mwaka 2022 vyama vya kimataifa vya madaktari wa upasuaji huu vilishusha kiwango: 35 hata bila ugonjwa mwingine, na kuanzia 30 mwenye kisukari cha aina ya pili anaweza kufikiriwa.

Aliyefika viwango hivyo asionewe. Unene wa kiasi hicho ni ugonjwa. Mtu akipungua kwa kujinyima, mwili huongeza homoni za njaa na kupunguza matumizi ya nguvu, ndiyo maana kilo hurudi. Kumwambia "funga mdomo tu" ni kumtwisha lawama isiyo yake.

Slivu

Kupitia matundu madogo tumboni, daktari huingiza kamera na vifaa, kisha hukata na kuondoa asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa chakula. Kinachobaki ni mrija mwembamba wenye umbo la ndizi. Utumbo hauguswi. Sehemu iliyoondolewa ndiyo hutengeneza kwa wingi ghrelini, homoni ya njaa, kwa hiyo mbali na kushiba haraka, hata hamu ya kula hupungua.

Upasuaji wenyewe huwa mfupi kuliko baipasi, na kwa kuwa chakula kinapita njia yake ya kawaida, upungufu wa vitamini huwa mdogo zaidi. Lakini kilichokatwa hakirudishwi. Tena slivu ina adui mmoja ambaye familia nyingi hazimpi uzito unaostahili: kiungulia. Mrija ule una msukumo mkubwa ndani yake, na asidi hupanda kwenye umio. Mwenye kiungulia cha siku nyingi anaweza kuzidiwa, na asiyekuwa nacho anaweza kukipata.

Baipasi

Hapa daktari hutenga kifuko kidogo juu kabisa ya mfuko wa chakula, chenye ujazo wa mililita 30 hivi, sawa na vijiko viwili vya mezani. Kisha huukata utumbo mwembamba na kuuunganisha na kifuko hicho. Chakula huruka sehemu kubwa ya mfuko na mwanzo wa utumbo. Mfuko uliorukwa hubaki ndani ya mwili ukiwa hai, nao utumbo huunganishwa tena chini ili nyongo na vimeng'enya vikutane na chakula. Upasuaji huu ulianzishwa miaka ya 1960 na Dkt. Edward Mason wa Iowa, Marekani, kwa hiyo madaktari wana uzoefu wa muda mrefu wa mazuri na mabaya yake.

Kwa mwenye kisukari cha aina ya pili, sukari mara nyingi huanza kushuka ndani ya siku chache, kabla hata kilo hazijapungua, kwa sababu njia mpya ya chakula hubadilisha homoni za utumbo. Ndiyo sababu anayetumia insulini lazima afuatiliwe kwa karibu. Dozi ya zamani inaweza kumshusha sukari kupita kiasi. Kwa mwenye kiungulia kikali, baipasi kwa kawaida humpa nafuu.

Gharama yake ni ya maisha yote. Madini ya chuma, kalsiamu, vitamini B12 na vitamini D hufyonzwa kidogo, na vidonge vya kufidia humezwa kila siku hadi uzeeni. Akila sukari nyingi kwa mkupuo, mgonjwa anaweza kutoka jasho, moyo ukamwenda mbio, akaharisha au kutaka kuzimia. Pombe hupanda kichwani upesi zaidi, na uraibu umeonekana kuongezeka baada ya upasuaji huu. Kidonda kinaweza kutokea pale utumbo ulipoungwa, hasa kwa mvutaji wa sigara na kwa anayemeza diklofenaki, ibuprofeni au aspirini. Tunaisisitiza hii kwa sababu diklofenaki inauzwa kila duka la dawa mtaani, na mtu akiumwa mgongo huinunua bila kumuuliza yeyote.

Ipo pia baipasi ya kiungo kimoja, ambayo utumbo huungwa mara moja tu. Ni fupi na inapunguza uzito vizuri, ila nyongo inaweza kupanda hadi kwenye umio.

Kinachoamua

Huko Ufini wagonjwa 240 waligawanywa kwa bahati nasibu kati ya slivu na baipasi, wakafuatiliwa miaka 10. Waliofanyiwa baipasi walipoteza karibu asilimia 51 ya uzito wa ziada, wa slivu karibu asilimia 44. Tofauti ipo, lakini haitoshi kuamua. Angalia umio: wa slivu waliokutwa na michubuko ya asidi walikuwa asilimia 31, wa baipasi asilimia 7. Norwe nayo ilifuatilia watu wenye kisukari, na baada ya mwaka mmoja asilimia 74 ya waliofanyiwa baipasi walikuwa na sukari iliyotulia bila dawa, dhidi ya asilimia 47 ya wa slivu.

Kwa hiyo, kwa maoni yetu, mwenye kiungulia cha kudumu au kisukari kisichotulia asiikatae baipasi kwa woga tu. Na mwenye upungufu wa damu usioisha, mama anayetokwa na hedhi nzito, au mtu wa dawa za kila siku ambazo lazima zifyonzwe vizuri, kama za VVU au za kifafa, aitazame slivu kwanza, kisha aongee na kliniki yake ya dawa hizo. Anayejua wazi kwamba hataweza kununua vitamini mwaka hadi mwaka alitamke hilo mbele ya daktari. Halina aibu, na linaweza kubadilisha uamuzi.

Usikubali kuchaguliwa aina kabla ya kufanyiwa endoskopi, kile kipimo cha mpira wenye kamera unaopitishwa kinywani. Katika eneo letu bakteria wa vidonda vya tumbo, H. pylori, ni wa kawaida sana. Watafutwe na watibiwe mapema. Sababu nyingine ni kwamba baada ya baipasi, mfuko uliorukwa haufikiwi tena na kamera kwa njia ya kawaida.

Puto na ringi

Puto si upasuaji. Huwekwa ndani ya mfuko wa chakula kwa endoskopi, hukaa miezi 6 hivi, kisha hutolewa. Hospitali ya Taifa Muhimbili, kampasi ya Mloganzila, ni miongoni mwa zinazotoa huduma hiyo Tanzania. Lina nafasi yake, hasa kwa anayehitaji kupungua kabla ya upasuaji mwingine, lakini likitolewa kilo nyingi zinaweza kurudi. Ringi ya kubana mfuko iliwahi kupendwa sana Ulaya na Marekani. Siku hizi imeachwa kwa sehemu kubwa kwa sababu wengi walilazimika kurudi ili itolewe.

Nyumbani baada ya kisu

Wiki mbili hivi za kwanza ni vimiminika: maji, supu iliyochujwa, maziwa yasiyo na sukari. Hufuata vilivyopondwa, kisha vilaini, na chakula cha kawaida hurejea taratibu baada ya wiki sita hadi nane. Protini itangulie: samaki, mayai, mtindi, maharage yaliyopondwa. Ugali mkavu, chapati na nyama ngumu hukwama. Maji yasinywewe pamoja na chakula. Asubiri nusu saa.

Jambo hili linawahusu ndugu kuliko mgonjwa. Mnaokula sinia moja, mtengeeni kisahani chake, na akila vijiko vitatu akaacha, msimlazimishe. Akitaka kufunga Ramadhani, aulize daktari kwanza, kwa sababu upungufu wa maji humfika haraka. Nywele kunyonyoka kati ya mwezi wa tatu na wa sita ni jambo la kawaida na huota tena.

Mama aliyekuwa hapati mimba kwa sababu ya uzito anaweza kuipata ghafla. Inashauriwa asubiri miezi 12 hadi 18, na asitegemee vidonge vya uzazi wa mpango baada ya baipasi. Sindano, kijiti au kitanzi ni salama zaidi kwake.

Mkimbizeni hospitali mara moja akipata mojawapo ya haya: mapigo ya moyo kwenda mbio akiwa amepumzika, homa, maumivu makali ya tumbo au ya bega, kupumua kwa shida, au mguu mmoja kuvimba na kuuma. Haya yanaweza kuwa dalili za kuvuja kwa mshono au damu kuganda. Anayetapika siku mfululizo naye asisubiri nyumbani, kwani anaweza kuishiwa vitamini B1 na ubongo ukadhurika. Hata miaka baadaye, aliyefanyiwa baipasi akishikwa na maumivu ya tumbo yanayokuja na kuondoka, utumbo unaweza kuwa umejinyonga ndani. Apigwe picha ya CT. Mwambieni daktari wa zamu aina ya upasuaji aliofanyiwa na mwaka wake. Iandikeni kwenye karatasi, mkaiweke pamoja na kadi ya bima.